Kishoka Ndani ya Gogo

Nianze na hili: kwa umri niliofika, uongo unanichosha. Mtu mwongo anatakiwa akumbuke alisema nini jana, na mimi hata miwani naitafuta huku nimeivaa. Kwa hiyo haya ninayokusimulia yapokee kama yalivyo. Yalinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, jua la saa tano, sufuria ya maharage inachemka mbele yangu. Watu wakisikia habari za namna hii wanadakia, "Ilikuwa usiku, eti?" Hapana. Ingekuwa usiku ningesema macho yalinidanganya, ningelala, yangeisha.

Ilikuwa miaka ya sabini, tukiwa tumeshahamishiwa kwenye vijiji vya ujamaa. Sisi tulipangiwa nyuma ya kijiji cha Mwamkulu, ukingoni mwa pori. Leo ukipita kule unaona mashamba, lakini wakati ule mininga, ile miti ya mbao nyekundu, ilisongamana mpaka ukichungulia ndani mchana unaona giza. Kijiji kikawa na shule, tena shule ya tofali kabisa, ila haikuwa na dawati hata moja. Watoto walikaa chini, wanaandikia magotini. Mwanangu wa kwanza, Anatoli, alikuwa aanze darasa la kwanza mwaka unaofuata, na mimi roho ilikuwa inaniuma nikimfikiria amekaa kwenye vumbi lile na kifua chake kibovu.

Ndipo kikaja kiwanda cha mbao. Ukisikia kiwanda usifikirie majengo. Ilikuwa injini moja ya dizeli iliyofungwa juu ya magogo mawili, mkanda mrefu, benchi la chuma, na msumeno wa duara, mpana kama ungo. Juu yake paa la nyasi. Basi, hicho ndicho kiwanda. Injini yenyewe haikuwa na ufunguo. Iliwashwa kwa hendeli, kile chuma kilichopinda, unakiingiza mbele ya injini unazungusha mpaka mishipa ya shingo inakutoka. Na hendeli ilikuwa moja tu. Hilo la hendeli liweke kichwani, tutalirudia.

Mume wangu, Deusi, ndiye aliyekuwa mshika benchi. Yaani yeye ndiye aliyelisukuma gogo kwa mikono yake kwenye meno ya msumeno. Alikuwa Mfipa, mtu mwema, lakini mbishi! Ukimwambia mvua inanyesha, anatoka nje kuhakikisha, analowa, anarudi anakwambia si mvua, ni manyunyu. Mimi nilikuwa mpishi wa pale. Wanaume kumi na wawili, ugali na maharage, Jumatatu mpaka Jumamosi. Mdomo wangu waliujua wote.

Kulikuwa na msimamizi, tukimwita Bwana Festo, mtu wa haraka sana, na kulikuwa na mzee mmoja aliyenoa msumeno, Mzee Barinaba. Huyu alikuwa mkimbizi kutoka Burundi, amekuja na tupa zake za kunolea zimefungwa kwenye kitambaa kama vile watu wengine wanavyofunga rozari. Mkono wake wa kushoto ulikuwa na vidole vitatu. Nilipomuuliza mara ya kwanza, alisema tu, "Ni msumeno, mama. Kulikuwa na chuma katika gogo." Sikumuuliza tena.

Sasa nisikilize vizuri, maana mambo yote yanaanzia hapa.

Kabla hawajaanza kukata, alikuja Bwana Miti, yule ofisa wa misitu, kuonyesha miti ya kuangusha. Siku ya kwanza na ya pili aliipaka rangi nyekundu. Siku ya tatu rangi ikamwishia. Badala ya kurudi mjini kufuata nyingine, akachukua panga akaanza kuchanja magome, shwaa, shwaa, michanjo miwili kila mti. Akawaambia wanaume, "Mkiona mti umechanjwa kwa panga, huo ni wa kukata." Akapanda baiskeli yake akaenda zake.

Lakini mimi ni Mkonongo, na baba yangu alikuwa mrina asali. Kwetu sisi, na majirani zetu Wabende na Wapimbwe hivyohivyo, mtu akishaupata mti wa kutundika mzinga wake, anauchanja alama kwa panga. Kila mtu na alama yake. Alama ile inasema mti huu una mwenyewe, pita mbali. Na mtu wa kwetu hata akutwe na njaa ya namna gani, akiuona mti wenye alama ya mwenzake anauzunguka. Umeona balaa hilo? Watu wa kiwanda wengi walikuwa wageni, hawakujua. Wameambiwa mti uliochanjwa ni wa kukata, basi wakiona mchanjo wowote, shoka!

Hivyo ndivyo walivyouangusha mninga mmoja mkubwa sana, Ijumaa moja. Aliyeuonyesha kidole ni Deusi wangu. Trekta ya kijiji ikaliburuta gogo mpaka uwanjani, watu wakalizunguka, wanalipiga makofi. Bwana Festo akasema, "Deusi, kwa gogo hili tu darasa zima linakaa." Mume wangu akacheka mpaka masikioni.

Mimi nilisogea na mwiko mkononi, nikaiona alama. Michanjo miwili imesimama, na mmoja umelala chini yake. Haikuwa ya Bwana Miti. Alama mbichi ya mninga inatoa utomvu mwekundu, unaijua hata kwa mbali. Hii gome lilikuwa limeshapona pembeni, limevimba, limefanya midomo. Ilikuwa ya miaka mingi. Nikajua papo hapo kwamba mti huu ulikuwa wa mtu.

Nikanyamaza.

Ndiyo, mimi mwenye mdomo huu, nilinyamaza. Ningesema nini? Mume wangu anasifiwa mbele ya watu, nimwambie amekata mti wa wenyewe? Na yale madawati je? Nikajiambia, mwenyewe keshakufa, mzinga haumo, nyuki hawamo, nani atakuja kuuliza? Kumbuka nilisema hivyo. Nani atakuja kuuliza.

Kesho yake, Jumamosi, trekta ikanasa kwenye tope la mto, wanaume wote wakaenda kuikwamua. Hata Mzee Barinaba alienda. Nikabaki peke yangu na kuku wangu mmoja na ile sufuria. Injini imezimwa, pori kimya. Uwanja mzima ulikuwa umefunikwa na unga wa mbao, laini, nimeusawazisha kwa ufagio wanaume walipoondoka. Hata kuku akipita unaona kila ukucha.

Nikasikia, "Hodi hapa."

Nikageuka. Alikuwa mzee mrefu, mkavu, amejifunga kaniki begani, mtindo wa zamani ambao hata siku zile ulikuwa umeshapotea. Begani amening'iniza kilindo cha gome, vile vya kuwekea asali. Ananukia moshi. Na nyuki watatu wanne wanatembea mkononi mwake taratibu, yeye wala hana habari nao. Sikuogopa, niamini. Baba yangu naye alikuwa akirudi porini hivyohivyo.

"Karibu, mzee. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Nimefuata kishoka changu."

"Kishoka gani, mzee? Hapa mashoka yote ni ya kiwanda."

Akalisogelea lile gogo, akapima kwa mkono wake kutoka penye mkato wa juu, mkono mmoja na shubiri moja, akaweka kiganja juu ya gome. "Kimo humu," akasema.

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilimcheka mzee wa watu. Nikamwambia, "Mzee wangu, gogo hilo halina hata ufa. Hicho kishoka kiliingilia mlango upi?"

"Hakikuingia. Mti umekimeza. Nilikikita hapa nikiwa kijana, nyuki wakanishukia, nikateremka bila hicho. Nikasema nitakirudia. Mwaka huu, mwaka ujao. Nikachelewa."

Alisema taratibu tu, bila hasira, kama mtu anayekuelekeza njia. Kicheko kikaniishia. Akaniangalia, akauliza, "Mumeo ana vidole vingapi?"

Nikuulize wewe: mgeni aje mlangoni kwako, hajui jina lako, akuulize mumeo ana vidole vingapi, utajibu nini? Mimi mdomo ulijibu wenyewe. "Kumi."

"Basi vitunze," akasema. "Una maji, mwanangu?"

Mtungi ulikuwa nyuma yangu, hatua nne tu. Nikachota kwa kata, nikageuka. Hakuna mtu. Nikaita, "Mzee! Mzee wangu!" Nikasema labda amezunguka nyuma ya mbao. Nikatazama chini nione nyayo zimeelekea wapi.

Nyayo zangu nikaziona, kutoka jikoni mpaka kwenye mtungi. Za kuku nikaziona, zimejaa kila mahali. Za mzee hakuna. Kuzunguka lile gogo unga wa mbao ulikuwa umelala kama nilivyouacha, haukuguswa. Na pale alipoweka kiganja, nyuki mmoja alikuwa anatembea juu ya gome, anazunguka, anazunguka.

Ile kata ikanianguka. Nikakaa chini palepale kwenye tope la maji niliyoyamwaga. Sasa ndiyo nikaogopa. Nikasali Salamu Maria nikaikosea katikati, nikaanza upya. Halafu nikasimama, nikachukua kaa la mkaa kutoka jikoni, nikachora msalaba pale pale penye nyuki.

Wanaume walirudi saa saba, matope mpaka kiunoni, njaa imewashika. Lakini Bwana Festo akasema hakuna kula. Jumatatu alikuwa anakuja mkubwa kutoka mjini kutazama mbao, na yeye alitaka gogo lile liwe limeshapasuliwa lote. "Kwanza kazi," akasema. "Maharage hayakimbii." Wakaanza kulivingirisha kuelekea kwenye benchi.

Nikamvuta Deusi pembeni. Nikamwambia yote, mzee, kishoka, nyayo. Akatabasamu. "Mama Anatoli, umekaa sana juani."

"Baba Anatoli, gogo hilo lina chuma ndani."

"Umekiona?"

"Nimeambiwa."

"Na nani?"

"Si nimekwambia! Na mwenye mti!" Halafu nikalitapika na lile jingine. "Mti huo una alama ya mtu wa nyuki. Niliiona tangu jana. Mmekata mti wa wenyewe."

Tabasamu likamtoka. Nilijua linamuuma. "Tangu jana umeona, umenyamaza," akasema, "leo mbele ya watu ndiyo unaniaibisha?" Na hapo alikuwa na haki, sikatai. Akanipa mgongo akaenda kwenye benchi.

Nikamfuata Bwana Festo. Huyo hata hakunisikiliza mpaka mwisho. "Mama, nenda jikoni. Ndoto za wanawake hazipasui mbao." Watu wakacheka.

Gogo likapanda benchi. Deusi akasimama nyuma yake, akaweka viganja vyake viwili juu ya gogo, tayari kusukuma. Nikaviangalia vile vidole. Nakumbuka kile cha shahada kilikuwa na kovu la jembe. Nikasema moyoni, hapana, hivi si vya kupotea leo.

Hendeli ilikuwa imelala juu ya pipa la dizeli. Nikapita kama naenda kuchota maji, nikaichukua, nikaifunika na kanga, nikarudi jikoni. Nifiche wapi? Chini ya kuni wataona. Kwenye unga wataona. Nikafunua sufuria, nikaitumbukiza kwenye maharage, nikakoroga, nikafunika.

"Hendeli iko wapi?"

Usiniambie umewahi kuona wanaume wakitafuta kitu! Walipindua mbao, walipindua pipa, wakalaumiana, mmoja akapigwa ngumi kwa kudhaniwa anatania. Mimi nakoroga maharage. Sufuria inalia ting, ting, mwiko ukigonga chuma, na mimi naimba kwa nguvu wasisikie. Watu wenye njaa, hakuna hata mmoja aliyefikiria kufunua sufuria.

Mwisho Bwana Festo akasimama mbele yangu. "Ni wewe."

"Ni mimi."

"Toa."

"Sitoi. Mpaka gogo hilo lichongwe pale nilipochora."

Alipiga kelele ambazo sitazirudia hapa. Akamgeukia mume wangu. "Deusi, mke wako asipotoa hendeli sasa hivi, Jumatatu usije kazini. Wewe wala yeye. Na madawati ya shule mtawajibu wazazi wenyewe!"

Deusi akanijia. Katika miaka yote niliyoishi na mume wangu hakuwahi kunipiga, lakini siku ile niliiona ile hasira imefika begani, inataka kushuka. Nikamwambia polepole, "Nipige ukitaka. Utanipiga na mkono mzima."

Akasimama. Na hapo ndipo Mzee Barinaba, ambaye kutwa nzima hajasema neno, akaja akasimama kati yetu. "Mama," akasema, "huyo mutu alishika wapi?"

"Pale penye msalaba wa mkaa."

Akaliendea gogo, akaliinamia, akalitazama muda mrefu. Halafu akauinua ule mkono wake wa kushoto, akauonyesha watu wote, vidole vyake vitatu. "Mimi nilikuwa na vitano hapa," akasema. "Siku ile hakuna mutu aliniambia. Ningeambiwa hata na mwenda wazimu, ningeshukuru. Chongeni kina cha kiganja kimoja tu. Kama hamna kitu, nitanoa msumeno huu bila chakula mwezi mzima."

Bwana Festo alimheshimu yule mzee, maana bila yeye msumeno ulikuwa bati tu. Akatema mate pembeni. "Chongeni. Haraka."

Aliyechukua shoka ni Deusi mwenyewe. Alichonga kwa hasira, ili anikomeshe mbele ya watu. Gome likaruka. Mbao ya nje nyeupe ikaruka. Ikaanza ile ya ndani, nyekundu, vipande vinaruka mpaka miguuni kwangu. Nikaanza kuogopa upya, sasa naogopa kingine. Je, kama hamna kitu? Kama kweli nilikaa sana juani? Tumefukuzwa kazi, nimemwaibisha mume wangu, na mtoto atakaa kwenye vumbi.

Tinn.

Shoka likaruka mikononi mwa Deusi. Makali ya shoka yalikuwa yamemeguka.

Deusi akapiga magoti, akachukua patasi, akaanza kuchimba taratibu. Tukakiona. Kishoka kidogo, kile cha kurinia asali, kimelala ndani ya mbao, mti umekikumbatia pande zote, na mle kwenye tundu lake bado kuna kisiki cha mpini. Cheusi tii. Na kilikuwa kimelala kwa kukingama, palepale msumeno ungepita. Mzee Barinaba akakigusa, akasema kwa lugha yake, "Ego," yaani ndiyo, basi. Machozi yanamtoka.

Deusi alikaa chini kwenye unga wa mbao, akavitazama viganja vyake, akavigeuza, akavitazama upande wa pili. Kisha akaniangalia. "Hendeli iko wapi?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Kwenye maharage."

Bwana Festo, yule yule, akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika nguzo, na watu wote wakapasuka. Tulikula maharage yale yakinukia dizeli na hakuna aliyelalamika. Nilikula nalia nacheka, sijui kipi kilitangulia.

Jumapili, baada ya sala, tukapanda baiskeli mimi na Deusi, kishoka nimekifunga kwenye kanga, tukaenda Mwamkulu kuulizia alama ya michanjo miwili na mmoja umelala. Mtu wa tatu tuliyemuuliza akatupeleka kwa bibi mmoja mjane, mdogo, amekunjamana, anapepeta mpunga. Deusi alipiga magoti kabla hata ya salamu. "Bibi, nimekata mti wenu. Sikujua, lakini nimekata."

Mimi nikafungua kanga, bibi akakitazama kishoka. Akakichukua, akakigeuza, akakinusa. "Cha mume wangu," akasema.

Mumewe alikuwa ameshafariki kabla mimi sijaolewa. Bibi akatusimulia. Mumewe alipokuwa anamposa, baba mkwe alimtaka kilindo kizima cha asali kabla ya mazungumzo yoyote. Kijana akapanda mninga ule, nyuki wakamtimua, akaja ukweni amevimba uso, kilindo nusu, kishoka hana. "Baba yangu alimcheka," bibi akasema. "Wageni wote walimcheka. Mimi nikasema basi, huyu huyu ndiye ninayemtaka. Lakini kile kicheko hakikumtoka. Mpaka anazeeka anasema, nitakirudia kishoka changu."

Nikakumbuka nilivyomcheka, nikainamisha uso. Nikamweleza bibi jinsi alivyokuja, kaniki, moshi, nyuki mkononi. Alinisikiliza, akapangusa macho, halafu akakasirika kabisa. "Na kwangu je? Miaka yote hii hajanipitia hata siku moja, anakwenda kuomba maji kwa wapishi! Mzee yule!" Tukacheka wote watatu, na yeye akalia.

Deusi akauliza, "Bibi, tukulipe nini?"

"Mmebomoa nyumba ya nyuki. Jengeni nyingine."

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Kila gogo likipasuliwa linaacha mabanzi, yale ya pembeni yenye magome, na sisi tulikuwa tunayachoma tu. Tangu Jumatatu ile, watu wa kiwanda wakawa kila jioni wanayapigilia mabanzi kuwa mizinga. Bibi akaja mwenyewe kutuonyesha namna ya kuipaka nta ndani ili nyuki waipende. Ikatundikwa porini, na kabla ya kukata mti wowote, Bwana Festo alikuwa anakuja jikoni kuniuliza, "Mama Anatoli, njoo utazame alama hii." Yule yule wa ndoto za wanawake!

Madawati yakatengenezwa kwa lile gogo. Anatoli alikaa la mbele.

Kiwanda chenyewe hakikuishi. Masika ya pili mkanda ukakatika, tukaandika barua, mkanda haukuja. Msumeno ukapata kutu. Siku moja likaja lori, likapakia injini, likaondoka nayo, na paa la nyasi likaliwa na mchwa. Ukiniuliza kilidumu muda gani, nitakwambia hakikumaliza hata miaka miwili. Leo ukienda huoni kitu isipokuwa yale magogo mawili ya injini, yamezama ardhini. Lakini mizinga ilibaki, na iliyooza ikatengenezwa mingine, na pale kijijini nyumba nyingi zimesomesha watoto kwa asali. Kile kishoka kilitiwa mpini mpya. Mjukuu wa yule bibi alikuwa anapanda nacho, na sasa anapanda nacho mtoto wake.

Na mimi yule mzee sikumwona tena. Ila mpaka leo nikiwa peke yangu jikoni, mchana, saa tano hivi, kukiwa kimya, nasikia mbali kule, ko, ko, ko, kama mtu anachonga mti taratibu. Siogopi. Naweka maji kwenye kata, naacha mlangoni.

Sasa wewe unayenisikiliza, nikuachie la kukusaidia. Ukiona alama juu ya kitu usichokijua, uliza kabla hujainua shoka. Ukijua jambo, usinyamaze kwa sababu watu wanashangilia. Na mgeni akija mlangoni anadai chake, hata adai kitu ambacho hakiwezekani, usimcheke. Mpe maji kwanza, halafu nenda katazame.

Kama huniamini, shauri yako. Mimi Deusi wangu alifariki mzee, kitandani kwake, na Anatoli akiwa kando yake. Washika benchi wengine wote niliowajua walikufa wamepungukiwa vidole. Mimi usiku ule alipokata roho nilimshika mikono mpaka ikapoa, nikavihesabu vidole kimoja kimoja, kuanzia kile chenye kovu la jembe. Vilikuwa kumi.